Maswali ya Wasomaji: Maana ya Kutokuharibika

Katika toleo lililopita tulichapisha somo fupi juu ya sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, ile inayosomwa mara nyingi kwenye mazishi, na barua zilizotufikia baada ya hapo karibu zote zimerudi kwenye neno moja: kutokuharibika. Wengine wanauliza kama wanasarufi, wengine kama watu waliotoka kuzika juzi. Nimechagua maswali machache, na mawili ya mwanzo nimeyajibu kwa urefu kwa sababu mengine yanayategemea.

SWALI: Katika Biblia yangu, ile ya Union Version ya mwaka 1952, nasoma, "Hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika" (1 Wakorintho 15:42). Mwenzangu wa kwaya anasema neno sahihi ni "kutoharibika," na kwamba hiyo "ku" ya katikati ni kosa. Tena, mimi nikisikia "uharibifu" nafikiria misitu iliyofyekwa na nyumba zilizobomolewa. Kuna uharibifu gani katika kumzika mtu kwa heshima? Je, isingekuwa wazi zaidi kusema "kuoza"? (Mwalimu wa Shule ya Jumapili)

JIBU: Ndugu mwalimu, nianze na lililo jepesi. Mwenzako hajakosea kusema "kutoharibika," ila amekosea kulihukumu "kutokuharibika." Kiambishi "-to-" kinachokanusha kitenzi-jina kina asili yake katika kitenzi "kutoa," na umbo refu limehifadhi "ku-" ya kitenzi kinachofuata, kana kwamba tunasema "kutoa kuharibika." Katika vitenzi virefu matumizi ya leo huidondosha hiyo "ku-" bila hasara yoyote, lakini katika vitenzi vya silabi moja hubaki: tunasema kutokufa, kutokula, kutokuja. Sasa usome mstari wa 53 kwa sauti: "Maana sharti huu uharibikao uvae kutokuharibika, nao huu wa kufa uvae kutokufa." Umbo refu linayafanya maneno hayo mawili yatembee bega kwa bega, na msikilizaji anauhisi ulinganifu huo hata kama hajawahi kufungua kitabu cha sarufi. Mimi ningeliacha kama lilivyo.

Swali lako la pili ni zito zaidi, na nafurahi kwamba sikio lako limelikamata, maana wengi tumeupita mstari huo mara mia bila kushtuka. Neno "uharibifu" limejengwa juu ya "mharibifu," na mharibifu ni yule anayeharibu, wala si kile kilichoharibika. Kwa umbo lake, basi, uharibifu unatupeleka kwa mtendaji: kuna mkono uliobomoa, shoka lililokata, moto uliotiwa. Hata kitenzi chenyewe kimetoka katika mzizi wa Kiarabu unaohusu kubomoka na kuwa magofu. Lakini "kuharibika" ni jambo jingine. Kile kiambishi "-ik-" kinaiweka hali ndani ya kitu chenyewe, pasipo kumtaja aliyeifanya; maziwa yakiharibika hatuulizi ni nani aliyeyaharibu. Hivyo katika mstari mmoja Kiswahili kimetumia maumbo mawili yasiyolingana, upande mmoja kazi ya mharibifu, upande wa pili hali ya kitu.

Paulo hakufanya hivyo. Katika Kigiriki chake upande wa kwanza ni phthora na upande wa pili ni aphtharsia, mzizi mmoja, la pili likiwa limetanguliwa na "a" ya kukanusha. Phthora inaweza kuwa maangamizi yanayotoka nje, lakini hasa ni mwendo wa kitu kuelekea mwisho wake: kuchakaa, kunyauka, kudhoofika, kuvunda, na hatimaye kuachana kwa vile vilivyokuwa vimeshikamana. Wanafalsafa wa Kigiriki, Aristotle akiwa mmoja wao, walilitumia neno hilo kama mwenzi wa genesis, yaani kuja kuwako. Kilichokuja kuwako kina siku yake ya phthora. Paulo akiwaza kaburi, anawaza mbegu inayotiwa udongoni ikiwa tayari inabeba hali hiyo. Unapofundisha, usisite kuufafanua mstari hivi: "Hupandwa katika hali ya kuharibika; hufufuliwa katika hali ya kutokuharibika." Wanafunzi wako wataacha kutafuta ni nani aliyembomoa marehemu.

Kuhusu "kuoza," nakuelewa, kwa kuwa ni neno linaloonekana kwa macho na kunuka puani. Tatizo lake ni wembamba. Huoza nyama, tunda, mti, mzoga. Lakini mtume Petro anaposema kwamba tulikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, mifano anayoitoa papo hapo ni fedha na dhahabu (1 Petro 1:18). Dhahabu haiozi wala haipati kutu, na Petro alilijua hilo kama anavyolijua sonara yeyote. Akiihesabu miongoni mwa viharibikavyo, anatuonyesha kwamba neno lake limebeba zaidi ya uvundo: kiharibikacho ni kila kilicho cha ulimwengu huu unaopita, hata kile kinachong'aa bila doa. Ukisema "kutokuoza," dhahabu itakuponyoka.

Jambo la mwisho hapa, na kwangu ndilo zuri kuliko yote. Kiambishi hicho cha "-ik-" kikikanushwa hubeba ndani yake maana ya kutowezekana. Tukisema kamba haikukatwa, tunaeleza kwamba hakuna aliyeikata. Tukisema haijakatika, tunaeleza kwamba bado ni nzima, kesho hatuijui. Lakini tukisema kamba hii haikatiki, tumeeleza ilivyo, kwamba hata ukiivuta kwa nguvu zako zote, kukatika hakumo ndani yake. "Mwili usioharibika" ni usemi wa jamii hiyo ya tatu. Haiahidiwi hapo bahati ya kunusurika, wala muda mrefu zaidi kabla ya kuisha.

SWALI: Je, kutokuharibika na kutokufa ni kitu kimoja? Na kama roho ya mwanadamu haifi, kwa nini Paulo anahangaika na mwili? Nimefundishwa tangu utoto kwamba mwili ni ganda tu. (Msomaji wa kike, mwanafunzi wa chuo)

JIBU: Dada yangu, tuanze na Lazaro. Yohana anatuambia kwamba Yesu alipoamuru jiwe liondolewe, Martha alimkumbusha kwamba ndugu yake alikuwa maiti ya siku nne na alikuwa ananuka. Kisha Lazaro akatoka, amefungwa sanda. Mauti ilimwachilia siku ile, lakini mwili aliotoka nao kaburini ulikuwa uleule wa kuumwa, kuzeeka na kuzikwa tena. Alirudishiwa uhai, na bado hakuwa amevaa kutokuharibika. Hapo unaona kwamba maneno hayo mawili yanagusana bila kuwa kitu kimoja: kutokufa kunahusu mauti, kutokuharibika kunahusu mwendo mzima unaoelekea mautini, uchovu wa jioni ukiwemo.

Paulo anayaweka pamoja katika mstari wa 53 kwa kitenzi kimoja, kuvaa, na ningependa ukitazame kitenzi hicho kwa utulivu. Vazi hutoka nje ya mtu. Halioti mwilini kama unywele. Anayevaa amepewa au amepata, na kabla ya kuvaa hakuwa nalo. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 6 mstari wa 16, imeandikwa juu ya Mungu kwamba yeye peke yake hapatikani na mauti, na neno la Kigiriki lililotumika hapo ni athanasia, lilelile ambalo katika Wakorintho limefasiriwa "kutokufa." Ikiwa Mungu peke yake ndiye mwenye kutokufa, basi kiumbe akiwa nako amekivaa cha Mwenyewe. Hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha imani ya Kikristo katika jambo hili, na ndilo linaloitenga na fikra kwamba ndani yetu kuna kipande kisichoweza kuguswa na mauti kwa nguvu zake chenyewe.

Hapa makanisa hayasemi kwa sauti moja, na ni haki ulijue hilo. Wakatoliki, Waorthodoksi na sehemu kubwa ya Waprotestanti wanaamini kwamba nafsi inaendelea kuwako baada ya kifo cha mwili, huku wakisisitiza kwamba inategemezwa na Mungu aliyeiumba. Waadventista wa Sabato wanafundisha kwamba wafu wamelala hadi ufufuo, na kwamba kutokufa ni kipawa watakachopewa waaminifu siku hiyo. Wote hao wanakutana katika jambo ambalo Paulo analipigania: mwisho wa safari ya mwanadamu ni mwili uliofufuliwa.

Kuhusu ganda, naomba uliache neno hilo. Mstari unasema "huu uharibikao." Kigiriki hakikutaja hata neno "mwili" hapo, kinasema tu "hiki chenye kuharibika," na hicho kionyeshi kinarudiwa mara nne katika mistari ya 53 na 54. Tertuliano wa Karthago, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, alisema kwamba Paulo aliyatamka maneno hayo kama mtu aliyeshika ngozi yake mwenyewe. Jaribu kufanya hivyo: shika ngozi ya nyuma ya kiganja chako kwa vidole viwili, useme, "huu." Huo ndio utakaovaa. Kama mwili ungekuwa wa kutupwa, kusingekuwa na cha kuvikwa, na mavazi yangetundikwa hewani.

Augustino, askofu wa Hippo, aliipanga tofauti hii kwa maneno ambayo kwa Kilatini hutegemea tu mahali pa kukanusha, na kwa Kiswahili yanakaa vizuri ajabu. Adamu kabla ya kuasi, alisema, aliweza kutokufa. Waliofufuliwa hawataweza kufa. Angalia jinsi ukanushi ulivyohama kutoka kitenzi kimoja hadi kingine: kuweza kutokufa, kutoweza kufa. Hali ya kwanza ilikuwa mlango ulio wazi, ambao mtu angeweza kuupita au kuuacha. Ya pili ni nyumba ambayo mauti haina tena mlango wa kuingilia. Athanasio wa Aleksandria alikuwa amelitazama jambo hilohilo upande wa chanzo: mwanadamu ameumbwa kutoka katika utupu, na akiachana na Mungu hurudi alikotoka, akiharibika njia nzima; ndipo Neno, yaani Kristo, akatwaa mwili wenye kufa ili awarudishe wanadamu katika kutokuharibika.

Ukisema mambo haya ni ya wasomi tu, nakukumbusha kwamba watu walifukuzwa katika viti vyao kwa ajili yake. Katika karne ya 6 maaskofu wawili waliokuwa uhamishoni Misri, Juliano wa Halikarnaso na Severo wa Antiokia, waligombana vikali juu ya mwili wa Kristo. Juliano alishikilia kwamba mwili huo haukuwa wa kuharibika tangu ulipochukuliwa mimba. Severo akajibu kwamba ulifikia hali hiyo kwa ufufuo. Justiniano, mfalme wa Dola ya Rumi, mwishoni mwa maisha yake, alitaka fundisho la kutokuharibika tangu mwanzo likubaliwe na kanisa, na Patriarki Eutikio wa Konstantinopoli, aliyekataa, akaondolewa mwaka 565. Justiniano alifariki mwaka huohuo, na fundisho lake halikusimama.

Kwa nini Eutikio asinyamaze? Kwa sababu mwili usioweza kuchoka, kuona njaa, wala kuchomwa na misumari si mwili wetu, na kama Kristo hakuchukua mwili wetu, hakuna kilichoponywa ndani yetu. Karne mbili baadaye Yohana wa Damasko alilifungua fundo kwa kuonyesha kwamba neno lina maana mbili. Kuna kuharibika kwa maana ya njaa, kiu, uchovu, kutobolewa kwa misumari na kufa kwenyewe. Kwa maana hiyo mwili wa Bwana ulikuwa wa kuharibika kama wetu hadi alipofufuka. Na kuna kuharibika kwa maana ya mwili kufumuka na kurudi katika asili zake; hilo mwili wake haukuliona kamwe, kama Zaburi ya 16 inavyosema, "Wala hutamtoa mtakatifu wako aone uharibifu." Mimi sijapata maelezo mafupi yaliyo wazi kuliko hayo.

Nawe usisahau kwamba Kristo aliyefufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi wake na kumwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Alama za misumari zilikuwa bado zipo. Mwili usioharibika haukufuta yaliyoupata.

SWALI: Katika makanisa ya Kikatoliki na ya Kiorthodoksi kuna miili ya watakatifu inayosemwa kwamba haikuoza. Je, hiyo ndiyo kutokuharibika kwa Paulo? (Msomaji aliyehiji)

JIBU: Hapana, na hata makanisa hayo hayasemi hivyo. Chukua mfano wa Bernadette Soubirous, aliyefariki mwaka 1879 na ambaye mwili wake umewekwa Nevers, Ufaransa. Kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1909, tena 1919, tena 1925, na mwili ukakutwa umehifadhika kwa namna iliyowashangaza waliokuwapo. Hata hivyo uso na mikono vilifunikwa kwa nta, kwa kuwa ngozi ilikuwa imebadilika rangi. Mahujaji humwona kama aliyelala, na wengi huguswa kweli. Lakini mwili huo, pamoja na heshima yote unayostahili, bado ni maiti inayongojea ufufuo. Katika Kanisa Katoliki mwili kutooza hakutoshi kumfanya mtu awe mtakatifu. Kwa waamini ni ishara tu, kama kidole kinachoelekeza.

Rudi kwenye ile mifano mitatu ya kamba. Mwili uliokutwa mzima baada ya miaka thelathini ni mwili ambao haujaharibika. Paulo anahubiri mwili usioharibika.

Kuna habari ya mana katika Kutoka, sura ya 16, inayonisaidia hapa. Waliyoibakiza hadi asubuhi, kinyume cha agizo, iliingia mabuu na kutoa uvundo. Ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato haikuvunda. Na pishi moja ikawekwa mbele za Bwana itunzwe kwa vizazi. Mana ni ileile, iliyookotwa mahali palepale na mikono ileile, na kuharibika au kutokuharibika kwake kulitoka kwa aliyeitunza.

SWALI: Petro anasema tumezaliwa kwa mbegu isiyoharibika, yaani neno la Mungu (1 Petro 1:23). Biblia ya marehemu baba yangu imeliwa na wadudu, wino wa maandishi yake pembeni umefifia, na kurasa za mwisho zimepotea. Inawezekanaje neno lisiharibike likiwa katika kitu kinachoharibika hivi? (Mwana wa mwinjilisti)

JIBU: Ndugu yangu, kitabu cha baba yako kina ndugu yake mkubwa. Miongoni mwa nakala za kale kabisa za nyaraka za Paulo ni kitabu cha mafunjo ambacho wataalamu wanakiita P46, kinachokadiriwa na wengi kuwa kilinakiliwa karibu na mwaka 200. Inaaminika kilikuwa na karatasi 104. Zimebaki 86, nyingine zikiwa Dublin, nyingine katika Chuo Kikuu cha Michigan. Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho umo, na sura ya 15 imo. Lakini upande wa chini wa kila ukurasa umelika, mafunjo yamekatika kama kingo za jani kavu, na mistari ya mwisho ya karibu kila ukurasa imepotea pamoja nayo. Maneno juu ya kile kisichoharibika yamesafiri zaidi ya karne kumi na nane juu ya kitu kilichokuwa kinaharibika siku zote hizo, nasi tunayasoma bila pengo kwa sababu yalinakiliwa, yakasomwa, yakahubiriwa na kukaririwa na watu ambao nao wamekwisha kuzikwa.

Petro mwenyewe hakuona mgongano. Mara baada ya kutaja mbegu isiyoharibika ananukuu nabii Isaya, kwamba mwili wote ni kama majani, majani hukauka na ua lake huanguka, bali Neno la Bwana hudumu hata milele. Aliyaandika hayo akiwa jani, kwa wino juu ya majani. Na katika mstari wa 4 wa sura hiyohiyo urithi ameupa sifa tatu ambazo kwa Kigiriki zote zinaanza kwa "a" ya kukanusha: aphtharton, amianton, amaranton. Kiswahili kimelihifadhi pigo hilo la ngoma kwa namna yake: usioharibika, usio na uchafu, usionyauka. Wapo wanaolalamika kwamba lugha yetu haina neno moja la kutaja hali hii pasipo kukanusha. Kigiriki nacho kilikanusha. Nadhani ni uaminifu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuishika hali hiyo mkononi ili aipe jina lake. Tunachokijua kwa vidole vyetu ni kuharibika, na kwa hicho tunaanza.

Kitabu cha baba yako kifungie katika kitambaa kikavu, mbali na unyevu na mwanga mkali. Yale maandishi ya pembeni yanayosomeka bado, yanakili mwaka huu.

SWALI: Tunasema mtoto "ameharibika" tukiwa na maana ya tabia. Je, kuna uhusiano na kuharibika kwa mwili, au ni bahati ya lugha? (Mzazi)

JIBU: Uhusiano upo, na umo katika sura ileile ya 15. Kabla hajafika kwenye mbegu na parapanda, Paulo anaonya kwamba mazungumzo mabaya huharibu tabia njema (mstari wa 33), na kitenzi alichotumia ni cha mzizi uleule wa phthora. Biblia ya Kiarabu inayotumiwa na wengi, katika mstari wa 42, inasema fasad pale sisi tunaposema uharibifu, na sote tunalijua neno hilo kwa mtoto wake wa Kiswahili: ufisadi. Kwa hiyo lugha tatu zimeona kwamba kuoza kwa mwili na kuoza kwa mwenendo vinafanana kiasi cha kustahili jina moja.

Usiende mbali sana, lakini, kwa kufuata neno la Kiswahili peke yake. Katika Mathayo 6:19, pale nondo na kutu "viharibupo," Kigiriki kina kitenzi kingine kabisa chenye maana ya kutowesha. Katika Luka 12:33 ndipo nondo anapoharibu kwa kitenzi cha mzizi wa phthora. Na mtoto aliyeharibika tabia anaweza kugeuka. Petro anataja roho ya upole na utulivu kuwa pambo lisiloharibika (1 Petro 3:4), na pambo, kama vazi, mtu hulivaa akiwa hai, hata leo asubuhi.

SWALI: Familia yetu inataka kuandika kwenye jiwe la kaburi la mama, "Hapa umelala mwili usioharibika." Mchungaji amesita bila kutueleza sababu. Tumekosea wapi? (Watoto wa marehemu)

JIBU: Poleni sana. Mchungaji wenu, nadhani, amesita kwa sababu ya wakati wa kitenzi, na pengine hakutaka kuwasahihisha mkiwa katika machozi. "Usioharibika" ni sifa ya sasa, na mwili uliolala hapo kwa sasa uko katika safari ambayo Paulo hakuificha, ameiita kupandwa. Mkiandika hivyo mtakuwa mmeiruka nusu ya kwanza ya mstari, ile inayokubali kwamba mama amekufa kweli.

Kama jiwe lina nafasi, andikeni mstari wa 42 mzima, kwa mistari miwili: "Hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika." Nimesema hapo juu kwamba neno "uharibifu" lina udhaifu wake, lakini kwenye jiwe ningeyaacha maneno ya Biblia kama wengi wanavyoyakumbuka, kwa sababu atakayepita na kusoma atayamalizia mwenyewe kwa moyo. Kama jiwe ni dogo, tumieni maneno mawili ya mstari wa 54, mkiyaweka katika nafsi ya mama na katika wakati ujao: "Atavaa kutokuharibika." Mwambieni fundi asiiache ile "ta."